Panya wa maabara: bado tunawahitaji, au tumezoea tu?

#1 Mtunza Vizimba

Wakuu, salaam.

Nina miaka saba kwenye banda la wanyama la taasisi moja ya utafiti. Kazi yangu ni kubadilisha maranda, kujaza maji, kupima uzito wa panya weupe na kuandika daftari. Ipo na kazi nyingine ambayo nyumbani huwa siisemi: utafiti ukiisha, mimi ndiye ninayewaingiza kwenye boksi la gesi.

Alhamisi iliyopita walikuwa 60. Kwenye kizimba cha mwisho alikuwemo jike mmoja aliyeichambua karatasi laini niliyomwekea, akaifuma kwa mdomo mpaka ikawa kiota cha mviringo kama kikombe. Alikuwa amelala humo. Ikanibidi nimtoe kiotani kwanza. Nimeifanya kazi hii mara nyingi, lakini siku ile mkono ulikuwa mzito.

Usiku nikaanza kusoma. Nimekuta kwamba Desemba 2022 Marekani ilibadili sheria yake ya tangu 1938, na sasa dawa mpya si lazima ipite kwa mnyama kabla ya kufika kwa binadamu ikiwa ipo njia nyingine inayokubalika. Aprili 2025 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikatangaza mpango wa kuwapunguza wanyama, kuanzia na dawa za kingamwili. Wanataja chipu zenye seli za ini la mtu, kompyuta, ngozi ya kuoteshwa.

Naomba anayejua anijibu. Hizo njia mpya zinaweza kweli? Na kama zinaweza, hawa 60 wa Alhamisi wamekufa kwa ajili gani?

#2 Baba Wawili

Pole mkuu. Ila mimi nitasema bila kuzunguka. Mama yangu anachoma insulini asubuhi na jioni tangu 2009. Insulini hiyo ilipatikana Toronto mwaka 1921, Banting na Best wakitoa kongosho za mbwa na kuwapa wengine maji yake. Januari 1922 ikaingia kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa, akainuka kitandani. Bila wale mbwa, mama nisingekuwa naye leo. Wamekufa kwa ajili ya mtu, hilo ndilo jibu langu.

#3 Mfamasia wa Ziwa

Baba Wawili, upo sahihi, ila hadithi haiishii kwa mbwa. Kwa miaka 60 iliyofuata insulini ilikamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Na kila toleo nguvu yake ilipimwa kwa wanyama hai: sungura anachomwa, sukari yake inafuatiliwa ikishuka, au panya wanachomwa na wanahesabiwa wangapi wamepata degedege. Mwaka 1978 wakafanikiwa kuifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu, 1982 ikaingia sokoni. Leo nguvu ya dawa inasomwa na mashine. Kwa hiyo dawa ileile moja imeanza na mnyama na ikamaliza bila mnyama. Kila upande humu ndani unaweza kuichukua kama ushahidi wake.

#4 Chumvi ya Tanga

Niongezee mfano ambao akina dada wengi humu wameushika mkononi: kijiti cha kupima mimba.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Berlin, Aschheim na Zondek walikuwa wanachoma mkojo wa mwanamke kwa panya majike wachanga, siku zikipita wanawapasua kutazama ovari. Mmeelewa? Kila mwanamke aliyetaka kujua hali yake, panya kadhaa walikufa. Miaka ya 1930 akaja Hogben, aliyewahi kufundisha Cape Town, na chura wa Afrika Kusini mwenye kucha. Anachomwa mkojo, kama mimba ipo anataga mayai kabla siku haijaisha. Chura hafi, anarudishwa majini na baadaye anatumika tena. Walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani. Miaka ya 1960 vikaja vipimo vya kingamwili kwenye chupa, ndipo tukafika kwenye hiki kijiti cha dukani.

Sidhani kama kuna aliyemwacha chura kwa huruma. Njia mpya ilikuwa ya haraka zaidi, ikashinda.

#5 Mwalimu wa Bailojia

Uzi huu umenigusa pabaya. Nafundisha kidato cha tano na sita. Kila muhula tunapasua vyura na panya. Vijana wa jirani wananiletea vyura kwenye gunia, tunawatia ndani ya chupa yenye pamba ya klorofomu, tunawabandika kwa pini kwenye ubao wa nta.

Mwaka juzi klorofomu ilikuwa imeishiwa nguvu na mimi sikujua. Binti mmoja alifungua tumbo, moyo ukaanza kudunda mbele yake, na mguu ukavuta pini. Hakupiga kelele. Aliweka wembe chini, akatoka, akakaa chini ya mwembe mpaka kipindi kikaisha. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Baadaye alihamia mchepuo mwingine, na mimi najua sababu ingawa hakuniambia.

Sina hoja. Nimesimulia tu.

#6 Mtunza Vizimba

Mwalimu, ahsante kwa kusema. Tupo wengi kumbe.

#7 Mwana wa Butembo

Ndugu zangu, jambo kutoka Kivu Kaskazini.

Mmoja aliuliza wamekufa kwa ajili gani. Mimi nina swali la pili yake: je, wanatuambia kweli? Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba kima 18 walioambukizwa Ebola walipewa dawa inaitwa ZMapp, wengine wakapewa siku ya tano wakiwa tayari wagonjwa. Wote 18 wakapona. Dunia nzima ikasema dawa imepatikana.

Novemba 2018 ukaanza utafiti hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zikishindanishwa. Nilikuwa mtu wa usafi kituoni. Wagonjwa walilazwa kwenye vyumba vya plastiki inayoonyesha, ndugu anasimama nje wanatazamana. Nilikuwa nachanganya maji ya klorini na kuona nani anaondoka kwa miguu na nani anaondoka kwenye mfuko.

Agosti 2019 wakasimamisha, majibu yalikuwa wazi. Kwa waliopewa ZMapp, 169, walikufa 84. Nusu. Kwa mAb114, 174, walikufa 61. Ya kampuni ya Regeneron, 155, walikufa 52. Sasa nielezeni: 18 kwa 18 upande wa kima, nusu kwa nusu upande wa watu wetu. Tofauti hii imetoka wapi?

#8 Daktari Kijana

Mwana wa Butembo, heshima kwako kwa kazi uliyofanya.

Maelezo ninayoyaamini mimi ni ya muda. Kima wa maabara anaambukizwa saa inayojulikana, kiasi kinachojulikana, ana afya njema, ameshiba. "Siku ya tano" yake ni ya tano tangu virusi viingie mwilini. Mgonjwa wako anakuja siku ya tano au ya sita tangu *homa ianze*, amepita zahanati mbili na kwa mwombezi, pengine ana malaria pia, figo zimechoka. Hao si viumbe wawili wenye ugonjwa mmoja. Mmoja yuko mwanzo wa safari, mwingine mwisho.

#9 Hesabu Safi

Daktari, hapo sikubaliani nawe kabisa. Waliochelewa waligawanywa kwa kura, kila dawa ikapata waliochelewa wake. Kuchelewa kunaeleza kwa nini watu walikufa kuliko kima. Hakuelezi kwa nini ZMapp ilishindwa na mAb114.

Mimi naona mambo mawili. ZMapp ilitolewa mara tatu, kila baada ya siku tatu, mAb114 ni dripu moja na imekwisha. Mgonjwa mahututi anaweza kufa kabla ya dripu ya pili. La pili, ushahidi wa ZMapp kwa binadamu ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Jaribio la Afrika Magharibi la 2015 lilikuwa na watu 71 tu kwenye hesabu ya mwisho: 8 walikufa kati ya 36 waliopewa, 13 kati ya 35 wasiopewa. Inaelekea inasaidia, lakini huwezi kuapa.

Na tusisahau: mAb114 nayo ilipita kwa kima. Kima haohao walisema ndiyo kwa iliyoshinda na ndiyo kwa iliyoshindwa. Hawakusema uongo. Walishindwa kuzipanga.

#10 Mwana wa Butembo

Hesabu Safi, nimekuelewa ingawa moyo haujatulia. Nikumbushe jambo moja: kingamwili ya mAb114 ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na profesa Muyembe wa hapa kwetu Kongo ni mmoja wa walioanzisha njia hiyo. Kwa hiyo chanzo kilikuwa Mkongo aliyepona. Kima alikuja baadaye kuhakikisha.

#11 Mkia wa Kima

Wadau, mimi nipo Nairobi na msimamo wangu ni wazi: mnyama si kipimo cha mtu. Machi 2006, London, vijana sita wa kujitolea walichomwa dawa ya TGN1412. Kiasi walichopewa kilikuwa mara 500 chini ya kile ambacho kima walivumilia bila shida. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa hoi, wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Sasa huyo kima alimlinda nani?

#12 Daktari Kijana

Hilo ni kweli na linauma. Baadaye sababu ilitafutwa: kuna aina ya seli za kinga ambazo kwa binadamu zina kishikio ambacho dawa ile iling'ang'ania, kwa kima seli hizohizo hazina. Na seli za damu ya binadamu zikipimwa kwenye sahani kwa njia sahihi zingeonyesha hatari. Hapo nakubali, Mkia wa Kima: tone la damu ya mtu lilijua kuliko kima mzima.

#13 Baba Wawili

Naona mnakimbilia upande mmoja. Haya, na pasipojaribiwa kabisa? Mwaka 1937 Marekani ilitoka dawa ya maji ya salfanilamidi iliyoyeyushwa kwenye dietilini glaikoli. Hakuna aliyeionjesha hata panya. Watu zaidi ya 100 wakafa, watoto wakiwemo. Ndiyo maana ikaja hiyo sheria ya 1938 aliyoitaja mleta uzi. Sheria ile imeandikwa juu ya makaburi. Na 2022 Gambia, watoto karibu 70, syrup za kikohozi zenye sumu hiyohiyo.

#14 Mfamasia wa Ziwa

Baba Wawili, Gambia usiichanganye. Sumu ile inajulikana tangu 1937, hakuna panya aliyehitajika kutuambia tena. Kilichokosekana ni kupima malighafi kabla ya kuchanganya na kupima chupa kabla ya kuuza, na hilo linafanywa kwa kromatografia. Mashine, kemikali na fundi anayejali. Watoto wale hawakufa kwa uhaba wa majaribio ya wanyama. Nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi nipo dirishani kila siku, mzazi ananipa shilingi zake na kuiamini chupa ninayompa.

Ya 1937 nakubaliana nawe.

#15 Dada wa Saluni

Jamani mnaongelea maabara za mbali. Mimi naongelea mkorogo.

Mteja wangu mmoja, tumezoeana miaka mingi, aliacha kuja miezi miwili. Aliporudi alivaa mtandio mpaka puani. Alipoutoa, mashavu yalikuwa mekundu kama nyama ya kuchunwa na pembeni ya macho pameanza kuwa na rangi ya majivu. Vifundo vya vidole vyeusi tii, kwa sababu vifundo huwa havikubali. Alikuwa amenunua kopo halina jina, limefungwa kwa nailoni, mchanganyaji amemwambia "ni ya Kongo". Kulikuwa na nini mle? Zebaki? Haidrokwinoni? Steroidi? Vyote vimekatazwa na vyote vinauzwa.

Mnauliza kama ni haki kumjaribia sungura. Hapa kwetu anayejaribiwa ni mwanamke, na analipia.

#16 Mwana wa Butembo

Dada, pole kwa mteja wako. Ila wauzaji wa huko wakitaka kuuza chochote wanasema ya Kongo. Hata huku tunaambiwa imetoka Dar.

#17 Dada wa Saluni

Umenifanya nicheke leo nilipokuwa nimekasirika. Kumbe tunasingiziana mipakani.

#18 Mfamasia wa Ziwa

Dada wa Saluni ameleta jambo zito, na vipodozi ndipo njia mpya zilikoshinda zaidi. Nieleze kidogo.

Mwaka 1944 John Draize wa FDA aliandika utaratibu: sungura mweupe anadondoshewa kitu kwenye jicho moja, jicho la pili linaachwa ili kulinganisha, na wanamtazama hadi siku 21. Wekundu, uvimbe, ukungu kwenye konea (kile kioo cha mbele ya jicho), vyote vinapewa alama. Sungura alichaguliwa kwa kuwa macho yake ni makubwa na machozi yake ni machache, hajioshi haraka kama sisi. Mwaka 1980 Henry Spira alinunua ukurasa mzima wa gazeti New York kuiuliza Revlon ni sungura wangapi inawapofusha kwa ajili ya urembo. Baada ya hapo kampuni zikaanza kutoa fedha za kutafuta njia nyingine.

Leo jicho linatoka machinjioni. Ng'ombe ameshachinjwa kwa ajili ya nyama, jicho lake linawekwa kwenye maji ya chumvi maalumu na ubaridi, konea inakatwa na kubanwa kwenye kifaa, kitu kinamwagiwa juu, halafu mwanga unapitishwa. Konea ikiingia ukungu, mwanga unapungua, mashine inasoma. Wanaongeza rangi ya kung'aa kuona kama inavuja kupita. Hakuna anayeteseka zaidi ya alivyokwisha kuchinjwa.

Na ngozi: seli za watu, nyingine zimetoka kwenye ngozi iliyobaki kwenye upasuaji, zinaoteshwa mpaka ziwe tabaka. Unapaka krimu, unaosha, unaweka rangi ambayo seli hai peke yake huigeuza zambarau. Pakibaki peupe, umeua ngozi. Tangu 2013 Ulaya haikubali kuuza kipodozi kilichojaribiwa kwa mnyama.

#19 Mhamiaji wa Hesse

Nipo Ujerumani, nafuatilia kimya. Marekebisho mafupi kwa Mfamasia: kuna alama ya sungura kwenye chupa za vipodozi, ya kusema havikujaribiwa kwa wanyama, nayo haina maana kwamba viungo vyote havijawahi kugusa mnyama maishani. Vingi vilijaribiwa miaka ya nyuma, na vingine vinajaribiwa hata sasa chini ya sheria ya kemikali, kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wa viwandani. Watu wananunua wakidhani mikono ni misafi kabisa.

Lakini nililotaka kusema ni jingine. Nakaa mwendo mfupi kwa treni kutoka Marburg. Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda kule walianza kuugua homa, kutapika, kutoka damu. Frankfurt na Belgrade pia. Watu 31, wakafa 7. Wote walihusiana na tumbili waliotoka Uganda, waliochukuliwa ili figo zao zitumike kwenye kazi ya chanjo ya polio. Ugonjwa umepewa jina la mji, Marburg, na tumbili wa Uganda sijawaona wakitajwa kwenye vibao. Nikipita pale huwa nawaza zile kreti zilizopakiwa kwenye ndege Entebbe.

#20 Mwana Kagera

Na 2023 Marburg ikatufikia sisi Bukoba. Mimi nilikuwa sijui jina hilo limetoka kwa tumbili wa jirani zetu. Miaka yote nimelisikia kama jina la kizungu tu. Ahsante Mhamiaji.

#21 Mganga wa Mifugo

Figo za tumbili zina mwendelezo. Mwaka 1962, Chiba, Japani, walichukua seli za figo ya tumbili mmoja na zikakubali kuendelea kugawanyika bila kuchoka. Wakaziita Vero. Mpaka leo chanjo za polio na kichaa cha mbwa zinaoteshwa humo, na hata chanjo ya Ebola waliyochomwa watu wa Mwana wa Butembo. Hapo mwanzo kila toleo la polio lilitaka figo mpya za tumbili wapya. Sasa pima mwenyewe, tumbili mmoja wa 1962 dhidi ya makreti ya Entebbe.

Wazee humu wanazikumbuka sindano za kitovuni mtu aking'atwa na mbwa, siku kwa siku. Chanjo ile ilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo au mbuzi aliyeambukizwa makusudi. Seli zimetuondolea kondoo na zimetuondolea kitovu. Ila uhakiki wa nguvu ya chanjo ya kichaa bado sehemu nyingi unafanywa kwa panya: wanachanjwa, halafu wanachomwa virusi *ndani ya ubongo*, wanahesabiwa waliobaki. Njia ya kupima protini kwenye sahani ipo. Sehemu nyingi inasubiri mamlaka ziipitishe. Mleta uzi, sehemu ya jibu lako ipo hapo. Wengine wanakufa kwa sababu makaratasi hayajabadilishwa.

#22 Mkia wa Kima

Bandiko #21 ndilo nililokuwa nalitafuta. Si sayansi inayokwamisha, ni mihuri.

#23 Hesabu Safi

Mkia wa Kima, usiteleze. Mihuri inakwamisha pale njia mbadala *ipo*. Kwingine haipo. Mnazipamba sana chipu, basi nitoe namba: Desemba 2022 ulichapishwa utafiti wa chipu 870 za ini la binadamu, dawa 27. Ziligundua dawa zenye madhara kwa ini kwa 87%, na hazikuisingizia hata moja iliyo salama. Nyingi ya hizo zenye madhara ni zile ambazo wanyama walizipitisha, kisha zikaumiza watu. Ni kazi kubwa.

Lakini ini lile halishiki mimba. Thalidomidi, dawa waliyomeza wajawazito kutuliza kichefuchefu, iliuzwa kuanzia 1957, watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo pungufu. Na kabla hamjasema "wanyama walishindwa", haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa wanyama wenye mimba. Ilipojaribiwa baadaye, panya wengi hawakuonyesha kitu, sungura wakaonyesha. Mngemtegemea yupi?

#24 Chumvi ya Tanga

Wengine wanasema dawa 9 kati ya 10 zinazoingia kwa binadamu hushindwa, kwa hiyo wanyama hawafai.

#25 Hesabu Safi

Namba yenyewe ni kweli kwa makadirio. Sababu ndiyo tunayogombania. Nyingine hushindwa kwa kuwa haziponyi, nyingine kwa sumu, nyingine fedha imekwisha au kampuni imebadili mawazo. Huwezi kumbebesha panya zote.

#26 Mvuvi wa Pemba

Assalaam alaykum. Mnaongea sayansi, mimi naongea nililofundishwa chuoni nikiwa mtoto. Yule mwanamke aliingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na hata wa kuchinja tumeambiwa kisu kinolewe, na mnyama asioneshwe kisu. Mnyama ametiishwa kwetu na bado ana haki juu yetu. Dawa ya kuokoa roho, kwa dharura, naielewa. Jicho la sungura kwa ajili ya wanja siielewi, na sidhani nitaulizwa siku ile nikaweza kujibu.

#27 Kuku wa Kienyeji

Shehe, nakuheshimu. Ila humu ndani kila mtu jana amekula nyama. Panya 60 wanatoa machozi, kuku wa sherehe moja ya harusi hawahesabiki.

#28 Mvuvi wa Pemba

Kuku wa harusi nimemshika mwenyewe na nimemsomea. Anakufa mara moja. Huyo panya wa bandiko #21 anakaa siku ngapi na virusi kwenye ubongo? Hapo ndipo nilipo, si kwenye kufa.

#29 Mwana Kagera

Mmesahau panya wa Morogoro! Wale panya buku wa APOPO pale SUA, wanaonusa mabomu na kifua kikuu. Magawa alipewa medali ya dhahabu Uingereza 2020, alifichua mabomu zaidi ya 100 kule Kambodia, akastaafu, akafa Januari 2022 akiwa mzee. Alilipwa ndizi na karanga. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu.

#30 Mganga wa Mifugo

Hao ni fahari yetu, ila ni habari nyingine mkuu, wale wanafundishwa, hawajaribiwi. Turudi kwenye uzi.

Nirudi na swali gumu kwa wote. Bagamoyo, mwaka 2012, Watanzania wa kujitolea walichomwa sindano yenye vimelea hai vya malaria, kwa usimamizi na matibabu, ili chanjo zipimwe kwa mtu mwenyewe. Kilifi nao wamefanya utafiti wa namna hiyo. Ukisema mnyama asitumike, mara nyingi anayebaki ni huyu. Anarejeshewa nauli na kulipwa muda wake. Kijana asiye na kazi akisaini, amejitolea au amesukumwa? Mnyama hawezi kukataa, hilo najua. Huyu anaweza. Je, kweli anaweza?

#31 Mwana wa Butembo

Mganga, umeuliza kitu ambacho kituoni kwetu kila siku tulikiona. Mtu anasaini akiwa na homa ya 40. Lakini alikuwa na lugha. Aliweza kusema "dada yangu asitiwe kwenye mfuko kabla mimi sijaja". Hiyo tofauti mimi siwezi kuidharau.

#32 Mtunza Vizimba

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Niwaambie nilichofanya wiki hii.

Nimekuta kwamba 2010 watafiti wa Liverpool walionyesha kuwa panya akishikwa mkia anajaa hofu, akiingia mwenyewe kwenye bomba dogo na kubebwa humo, hofu inapungua sana. Miaka saba nimewashika mikia kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Jumatatu nimenunua bomba la plastiki la fundi bomba, nimelikata vipande vya sentimita 13, nimelainisha kingo kwa msasa, nimeweka kimoja kila kizimba. Siku ya kwanza walinusa. Jana nilipofungua, watatu walikuwa wamekwisha kuingia wananisubiri.

Pia nilimfuata mtafiti mkuu nikamuuliza kwa nini kila kundi lina panya 15. Hakukasirika. Alisema utafiti uliotangulia ulitumia 15. Nikamuuliza na ule uliotangulia? Alikaa kimya kidogo, akasema atamuona mtakwimu. Utafiti utakaofuata pengine ni 10 kwa kila kundi. Hesabu Safi, kama una muda, nitakutumia jedwali unisaidie kuelewa.

Jibu la yule jike wa kiotani bado sijalipata.

#33 Hesabu Safi

Tuma. Na uandike tofauti ndogo kabisa mnayotaka kuiona, bila hiyo siwezi kuhesabu.

#34 Mwalimu wa Bailojia

Mfamasia, bandiko lako #18 halijanitoka kichwani. Macho ya ng'ombe yanatupwa kila alfajiri machinjioni na mimi nalipa watoto wa jirani waniletee vyura hai. Mtihani una masharti yake, hayo siwezi kuyabadili, lakini mazoezi ya muhula ni yangu. Nimeongea na mchinjaji mmoja, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikachukue macho 40 na mioyo sita ya mbuzi. Kitu gani nisikosee?

#35 Mfamasia wa Ziwa

Mwambie asiyagandishe, na asiyamwagie maji ya moto wanapoosha. Beba kontena lenye kifuniko, maji ya chumvi kidogo, na barafu kuzunguka nje. Wembe uwe mpya, konea ni ngumu kuliko inavyoonekana. Pasua siku hiyohiyo, yakilala inaingia ukungu na lenzi hawataiona vizuri.

#36 Mwalimu wa Bailojia

Shukrani. Lenzi ndiyo nataka waione. Ukiiweka juu ya gazeti inakuza herufi.